Chanjo ya Homa ya Nguruwe: Kabla Utume Doo Kanyakine, Soma Hii

Wacha nianze na jibu, juu najua kuna msee atasoma mistari mitatu alafu arudi TikTok. Kenya hakuna chanjo iliyoidhinishwa ya homa ya nguruwe ya Afrika. Hakuna kwa agroveti, hakuna kwa daktari wa serikali, hakuna kwa yule jamaa wa nduthi mwenye kifriji cha barafu. Ukipigiwa simu kutoka ushago uambiwe "tuma doo haraka, kuna sindano imekuja ya kukinga nguruwe," hiyo doo ni ya kuchomwa, na sio kwa nguruwe.

Sasa ka bado uko hapa, wacha tuongee polepole. Hii story ni kubwa kuliko sindano feki.

Wengi wetu tunafanya kilimo cha simu. Uko Roysambu ama Umoja, brathe yako ako Kanyakine, wewe unatuma M-Pesa, yeye analisha. Na ukiangalia hesabu, nguruwe inabamba kuliko ng'ombe. Mama nguruwe anabeba mimba miezi 3, wiki 3 na siku 3, yaani siku 114. Anazaa vitoto 8, 10, saa zingine 12. Ukilisha poa, miezi kama 6 baadaye hao vitoto wako tayari kwa bucha. Hakuna ng'ombe atakufanyia hivyo. Ndio maana vijana wa Imenti Kusini wenye shamba ni robo eka, imejaa ndizi na kahawa ya guka, wanaona banda la nguruwe nyuma ya nyumba ndio njia ya kuomoka.

Shida ni moja. Hiyo pesa yote imesimama kwa miguu minne, na kuna virusi vinaweza kuiangusha kwa wiki mbili.

Huu ugonjwa ni wetu, tulianza nao

Watu hudhani magonjwa makubwa hutoka Uchina yakakuja huku. Hii ilitoka huku ikaenda Uchina.

Daktari wa mifugo wa serikali ya mkoloni, Robert Eustace Montgomery, ndiye aliandika kuihusu mara ya kwanza mwaka wa 1921. Masetla walikuwa wameleta nguruwe wa Ulaya hapa Kenya, na kuanzia miaka ya 1909 na 1910 wakaanza kuona wanadedi ovyo. Kwa hesabu ya Montgomery, nguruwe 1,366 walipatikana kwa hiyo milipuko. Waliokufa ni 1,352. Soma hizo namba tena. Walibaki 14.

Virusi vyenyewe vilikuwa vinaishi huku kitambo sana, kabla ya setla yeyote. Vilikuwa vinakaa kwa ngiri. Sio ngiri ya noti, ngiri wa porini, Pumbaa mwenyewe. Ngiri anavibeba na hata hashtuki. Kwa mashimo yenye ngiri wanalala kuna papasi, wale kupe laini, wenye wanamuuma ngiri mmoja alafu wanampelekea mwingine. Mwaka wa 1969, mtafiti Walter Plowright na wenzake walitoa ripoti venye walivipata hivyo virusi ndani ya papasi kutoka mashimo ya wanyama Tanzania. Kumbuka hilo jina Plowright, tutarudi kwake.

Lakini kabla uanze kulaumu Pumbaa kwa kifo cha nguruwe wako, jua hivi: siku hizi kwa vijiji vyetu, mara nyingi nguruwe anaambukizwa na nguruwe mwenzake, ama na nyama, ama na binadamu mwenye ametoka kwa banda lingine na buti chafu. Ngiri hajawahi kupanda matatu ya Nkubu. Sisi ndio tunapanda.

Mwaka wa 2007 virusi vya kutoka upande huu wa Afrika vilitua Georgia, kule kwa bahari nyeusi. Vikaingia Urusi, vikaingia Ulaya. Agosti 2018 vikafika Uchina, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani, na ndani ya kama mwaka mmoja idadi ya nguruwe wao ikaanguka karibu 40%. Februari 2019 Vietnam wakasema wako nayo. So usifikirie ati ni shida ya watu wadogo wa mashinani. Imeangusha matajiri.

"Chanjo inafanya kazi" maana yake nini?

Hapa ndipo watu huchomwa, juu mtu akikuambia "hii chanjo inafanya kazi" unaitikia tu bila kuuliza inafanya kazi gani.

Chukua mfano. Tuseme kuna nguruwe 100 wamechanjwa na wengine 100 hawajachanjwa, alafu ugonjwa unaingia kote. Kwa wale hawajachanjwa, 90 wanagonjeka. Kwa wale wamechanjwa, 18 wanagonjeka. Bila chanjo ungekuwa na wagonjwa 90, sasa uko na 18, yaani imekuokolea 72 kati ya 90. Hiyo ni 80%. Ndio wanasayansi humaanisha wakisema chanjo ina ufanisi wa 80%. Sio ati kila nguruwe ako na nafasi ya 80 kwa 100 ya kuishi, na sio ati dawa ina nguvu ya 80. Wanalinganisha makundi mawili. Ndio maana ule ushuhuda wa "jirani yangu alichoma na wake hawakukufa" hauna maana. Labda ugonjwa haukuingia kwake kabisa. Hakuna kundi la kulinganisha nalo.

Alafu kuna maswali manne lazima uulize kuhusu chanjo yoyote ya mifugo:

Moja, inazuia mnyama asikufe?

Mbili, inamzuia asiambukize wengine? Hii ni tofauti na ya kwanza. Nguruwe anaweza kuchanjwa, akakaa fiti, akala, akanenepa, na bado anamwaga virusi kwa mate na kinyesi. Wewe unaona ako sawa. Jirani anaona wake wanakufa.

Tatu, inakinga dhidi ya aina gani ya virusi? Ugonjwa wa miguu na midomo, wenye unashika ng'ombe na nguruwe pia, uko na aina saba. Chanjo ya aina moja haikukingi na nyingine. Ndio maana daktari anaweza kuchanja ng'ombe wa kijiji kizima na bado wakachechemea.

Nne, chanjo yenyewe ni salama, ama inaweza kuwa ugonjwa?

Shika hayo maswali manne, juu ndio yameangusha chanjo ya homa ya nguruwe kwa miaka zaidi ya 60.

Kwani hii ni ngumu kuliko Corona?

Hapo ndio watu hushangaa. Corona ilitokea mwisho wa 2019, na kufikia Desemba 2020 Uingereza walikuwa wanachoma watu. Homa ya nguruwe imeandikwa 1921. Miaka 100 na bado tunangoja?

Sababu ya kwanza ni ukubwa. Virusi vya Corona viko na herufi za jeni kama 30,000. Hivi vya nguruwe viko na kati ya 170,000 na 190,000, na vinaweza kutengeneza protini zaidi ya 150. Kwa Corona, wanasayansi walijua protini moja ya kulenga, ile miiba ya nje. Ukishika miiba, umeshika kirusi. Kwa homa ya nguruwe hakuna mtu amepata hiyo protini moja. Ni kama kutafuta swichi ya stima kwa jengo la ghorofa 20, na umezimiwa taa.

Sababu ya pili ni mahali vinajificha. Mwili wa nguruwe uko na seli za ulinzi zinaitwa makrofaji. Kazi yake ni kumeza wavamizi. Hivi virusi vinaingia ndani ya hizo makrofaji zenyewe na kuzalia humo. Ni kama mwizi ameamua kukodisha chumba ndani ya kituo cha polisi. Zile kingamwili zenye mwili hutoa, zenye kwa magonjwa mengine humaliza kazi, hapa haziwezi pekee yake.

Sababu ya tatu: ile njia ya kawaida ya kuua virusi alafu uchome maiti yake ili mwili ujifunze, imejaribiwa na ikagonga mwamba. Kenye kinaonekana kukinga ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Na ukishasema "hai", swali la nne linarudi.

Na si ati Waafrika hatuwezi chanjo. Turudi kwa Plowright. Huyo jamaa, akiwa na timu yake Muguga, hapo karibu na Kikuyu, ndio walitengeneza chanjo ya sotoka yenye ilitumika sana kumaliza ule ugonjwa uliokuwa unafagia ng'ombe Afrika nzima. Walikuza virusi kwa seli za maabara tena na tena, karibu mara 90, mpaka vikapoteza makali. Sindano moja ikawa inamkinga ng'ombe maisha yake yote. Mwaka wa 2011 dunia ikatangaza sotoka imeisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kumalizwa, baada ya ndui.

Angalia venye sotoka ilijibu yale maswali manne: haiui, mnyama aliyechanjwa haambukizi, chanjo moja inatosha aina zote, na haikurudi kuwa kali. Nne kwa nne. Homa ya nguruwe bado haijapata nne kwa nne popote duniani.

Wale wamejaribu, nini kiliwapata?

Ureno na Uhispania walipata huu ugonjwa kuanzia 1957 na 1960. Mwanzo wa miaka ya 60 wakaamua kuchanja na virusi hai vilivyopunguzwa makali. Mamia ya maelfu ya nguruwe wakachomwa. Kilichofuata ni noma: wengi wakapata nimonia, vidonda, viungo kuvimba, mimba kutoka, na wengine wakabaki wanabeba virusi polepole bila kufa. Chanjo yenyewe ikawa njia ya ugonjwa kukaa. Uhispania walikuja kuumaliza mwaka wa 1995, na hawakutumia chanjo. Walipima nguruwe, wakachinja walioambukizwa, wakarekebisha mabanda, wakafuatilia kila nguruwe anatoka wapi anaenda wapi.

Vietnam ndio nchi ya kwanza kuidhinisha chanjo ya kuuzwa ya huu ugonjwa, Juni 2022. Inaitwa NAVET-ASFVAC. Sayansi yake ilitoka Marekani: wataalamu walichukua virusi vya Georgia, wakatoa jeni moja inaitwa I177L, na vikapoteza makali. Kwa majaribio ya maabara ilikuwa inakinga fiti. Lakini Agosti mwaka huo huo serikali ikasimamisha, juu mamia ya nguruwe walikuwa wamekufa baada ya kuchomwa. Uchunguzi ukasema shida kubwa ilikuwa matumizi: ilitengenezewa nguruwe wachanga wenye afya, wa wiki 8 hadi 10, na watu walichoma hata wasiofaa. Julai 2023 ikaruhusiwa tena nchi nzima pamoja na nyingine inaitwa AVAC ASF LIVE. Ufilipino nao wakaanza kuchanja kwa mpango wa serikali Agosti 2024, kule Lobo, mkoa wa Batangas.

So kuna chanjo duniani? Eeh, ziko. Mbona usiagize moja?

Rudi kwa swali la tatu. Hizo chanjo zimetengenezwa na virusi vya ile familia ya Georgia, yenye wataalamu huita aina ya II. Vyenye vimekuwa vikiua nguruwe Kenya ni aina ya IX, na kuna aina ya X pia. Chanjo ya aina moja haikingi aina nyingine hivi hivi tu, lazima ipimwe kwanza. Hata Uchina, mwaka wa 2023 watafiti waliripoti virusi mchanganyiko, nusu aina ya I nusu aina ya II, na chanjo hai waliyokuwa wameijaribu kule haikuwakinga nguruwe navyo. Ukichoma nguruwe wa Kanyakine na chanjo ya Hanoi, unaweza kuwa umenunua virusi hai na kinga hewa.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Mwanzo wa 2021 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Uchina kulikuwa kumepatikana virusi vipya vyenye jeni zimekatwa, zile zile zenye watengenezaji wa chanjo hukata. Wataalamu wakashuku vimetoka kwa chanjo za magendo. Nguruwe hawakuwa wanakufa haraka, lakini walikuwa wanakonda, mimba zinaharibika, na ugonjwa unaenea kimya kimya. Hiyo ndio hatari ya kichupa cha magendo. Ukiwa na bahati, ndani ni maji. Ukikosa bahati, ndani ni ugonjwa, na ni wewe ulilipa uletwe kwa kijiji.

Sai angalau kuna sheria. Mei 2025 shirika la afya ya wanyama duniani, WOAH, lilipitisha viwango vya kwanza vya kimataifa vya chanjo ya huu ugonjwa. Ati lazima ithibitishwe ni safi, ni salama, inakinga, na hairudi kuwa kali. Yaani yale maswali yetu, lakini kwa lugha ya tai.

Na hapa nyumbani?

Kuna watu wako kazi. ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo hapo Uthiru, Nairobi, wamekuwa wakitumia teknolojia ya CRISPR, ile ya kukata jeni ka makasi, kwa virusi vya aina ya IX, vya hapa Kenya. Mwaka wa 2022 walitoa ripoti ya virusi venye walikuwa wametoa jeni inaitwa CD2v. Matokeo: makali yalipungua, lakini kiasi tu. Nguruwe waliopona walipata kinga, lakini virusi bado vilikuwa vikali sana kuita chanjo. Kwa yale maswali manne, hiyo inajibu la tatu na inaanguka la nne.

Hiyo sio kufeli. Ni hatua. Lakini usimruhusu mtu akuuzie hatua ka ndio mwisho wa safari.

So ni nini iko kwa kile kichupa?

Watu huapa "lakini nilichoma na nguruwe akapona!" Wacha nikushow inawezekanaje.

Kuna ugonjwa wa bakteria unaitwa erisipela. Nguruwe anapata homa kali, hataki kula, ngozi inakuwa na mabaka mekundu. Ukiangalia kwa macho, unafanana sana na homa ya nguruwe ya Afrika. Tofauti ni kwamba erisipela inasikia penisilini. So jamaa anachoma penisilini, nguruwe anaamka, kijiji kizima kinasema "chanjo ya swine fever imefika!" Wiki mbili baadaye homa yenyewe inaingia, na ile sindano haifanyi kitu, juu antibiotiki haiguzi virusi.

Vichupa vingine huwa ni sindano ya madini ya chuma yenye vitoto hupewa wakizaliwa, ama dawa ya minyoo. Ni vitu poa kwa kazi yake. Sio kinga ya virusi.

Na ukigoogle utapata chanjo nyingine ya homa ya nguruwe, ya kweli, inafanya kazi vizuri sana. Hiyo ni ya homa ya nguruwe ya klasiki, ugonjwa mwingine kabisa, virusi vingine kabisa. Majina yanafanana tu, ka Mwenda wa Nkubu na Mwenda wa Igoji. Ukimpiga huyu ngeta, yule hasikii.

Chanjo tuko nayo ni lango

Kenye kinakinga sahii hakina sindano, na ni bei rahisi kuliko jeneza la nguruwe 12.

Funga banda. Nguruwe wa kutembea tembea sokoni na kwa majalala anaokota kila kitu, pamoja na kifo. Seng'enge ama mbao, bora asitoke na wengine wasiingie.

Weka buti za banda pekee, na beseni ya dawa ya kuua viini hapo mlangoni. Osha matope kwanza, juu dawa haipiti kwa matope. Mgeni asiingie. Hata mnunuzi. Hasa mnunuzi, juu huyo ametoka kwa mabanda mengine matano leo.

Mabaki ya hoteli ni chakula cha bure lakini ni mtego. Hivi virusi vinaishi kwa nyama kwa miezi, hata ikiwa kwa friji ama imetiwa chumvi. Ka lazima utumie mabaki, chemsha sawasawa, angalau nusu saa ikitokota, huku unakoroga.

Dume la kuazima ni hatari. Huko ushago dume moja linazunguka kwa wamama nguruwe wa kijiji kizima. Ka lina virusi, limewapelekea wote.

Nguruwe mpya akae pekee yake siku 30 kabla achanganywe na wengine. Ugonjwa unaweza kukaa ndani siku 4 mpaka 19 kabla uonekane. Hizo 30 zinakupa nafasi.

Na sindano ya daktari iwe mpya kwa kila mnyama. Ukiona anatoka na sindano moja kwa banda la jirani akiingia kwako, mwambie asimame hapo nje, hata ka ni mtu wa heshima.

Ukihesabu, hayo yote yanajibu maswali manne kuliko chanjo yoyote iko sokoni duniani sai. Yanazuia kifo, yanazuia kuambukiza, yanakinga dhidi ya aina ya II, IX, X na zingine zote, na hayawezi kugeuka kuwa ugonjwa.

Ile siku mbaya

Sasa sehemu ngumu, na hii ndio sababu nimeandika hii kitu.

Brathe anapiga simu asubuhi. Nguruwe wawili hawajakula tangu jana, wamelaliana kona, masikio yamekuwa mekundu yanageuka zambarau, mmoja anahara damu. Jioni mmoja ameenda. Na kuna mtu wa bucha kwa lango, amesikia, anasema atachukua wote waliobaki kwa nusu bei, sai, cash.

Wewe uko Nairobi. Ulikopa hiyo pesa kwa aplikesheni ya simu. Kila kitu ndani yako kinasema uza.

Elewa venye hiyo nusu bei inafanya. Hao nguruwe watapanda pikap mpaka mji mwingine. Damu itamwagika njiani. Mifupa itatupwa, nguruwe wa mtu ataiguguna. Nyama itachomwa kwa base fulani, makombo yataingia kwa ndoo ya mabaki, na hiyo ndoo itaenda banda la msee mwingine ka wewe, mwenye pia alikopa. Hivyo ndivyo ugonjwa husafiri. Hausafiri na upepo kutoka Meru mpaka Embu. Husafiri kwa hofu ya mtu mwenye anaokoa kenye anaweza.

Kwa binadamu, hivi virusi havishiki mtu. Hiyo ni kweli na usiogope pork. Lakini pork ya bei ya kutupa, haina muhuri wa mkaguzi, huna habari mnyama alikuwa na nini ingine ama alichomwa dawa gani jana usiku. Wewe mlaji ukikataa hiyo nyama, umefanya kazi ka ya chanjo: umevunja mnyororo.

Kenye unafaa kufanya ni kupiga simu kwa daktari wa mifugo wa wadi ama kaunti ndogo. Huu ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria. Sampuli itapelekwa maabara, ka ile kuu ya mifugo Kabete, juu macho pekee hayawezi kutofautisha na erisipela. Ukipata ni erisipela, umeokoa banda zima na penisilini na ungekuwa umeuza kwa hasara ya bure. Ukipata ni homa yenyewe, kutawekwa karantini, waliokufa watazikwa ndani kabisa ama kuchomwa, na banda litaoshwa na kukaa tupu kwa muda.

Sitakudanganya, hiyo inauma. Yule anaripoti anabeba hasara, na yule anauza usiku anarudi na kitu mfukoni. Mpaka serikali na kaunti zifanye kuripoti kusimalize mtu, wengi wataendelea kuuza usiku, na hata chanjo ya kweli ikija siku moja itakuta ugonjwa umeshazunguka. Hilo ni swali la kumuuliza MCA wako akija kuomba kura na fulana.

Lakini wewe uko na simu mkononi sai. Tuma hiyo doo ya sindano, lakini inunue buti mbili, seng'enge na mtungi wa dawa ya kuoshea. Alafu mpigie brathe umuulize kitu moja: leo nani ameingia kwa banda?